Kabla Hujaniuliza Kuhusu Ujasiri: Kwa Wanaotaka Kuanza Kuruka na Parachuti

Kila nirudipo Mombasa kwa likizo, jamaa na majirani huniuliza swali moja: ujasiri wa kujiachia kutoka kwenye ndege niliupata wapi? Mama yangu huliuliza kwa namna yake. Hunitazama kwa muda, kisha husema, "Mwanangu, hapa chini umekosa nini?" Nimekuwa nikiruka kwa miaka 11 sasa, na daftari langu lina miruko 612, mingi ikiwa ya jangwani Dubai, ninakofanya kazi ya uuguzi, na michache ya juu ya ufuo wa Diani. Katika muda huo wote sijaona mtu aliyeumia kwa sababu ya kukosa ujasiri. Niliowaona wakiumia walikuwa nao tele, na walichopungukiwa ni utulivu wa kufuata utaratibu uleule kila mara, pamoja na moyo wa kukubali kwamba leo haturuki. Ndiyo maana ninaandika haya kwa ndugu zangu wanaoniandikia kuuliza waanzie wapi.

Wengi huanza kwa tandemu, yaani kuruka ukiwa umefungwa kifuani mwa mwalimu, chini ya parachuti moja kubwa. Ndege hupanda hadi futi 12,000 au 13,000, mnaanguka kwa sekunde 45 hadi 60 kwa mwendo unaokaribia kilomita 200 kwa saa, kisha parachuti inafunguka na mnateremka kwa dakika tano au sita. Mgeni hana mengi ya kufanya. Mlangoni akunje miguu nyuma chini ya ndege, asukume kiuno mbele na ainue kidevu, na wakati wa kutua ainue miguu juu ili mwalimu atangulie kugusa ardhi. Hata hivyo, kama muuguzi nina mawili ya kuongeza. La kwanza ni kwamba mtu asije na njaa, kwa kuwa wengi huacha kifungua kinywa wakiogopa kutapika, na hao ndio ninaowaona wakilegea na kuzirai baadaye. La pili linawahusu hasa wanaoruka Diani, ambako bahari iko hapo hapo na watalii hupenda kuunganisha starehe mbili: aliyezamia na mtungi wa hewa asipande ndege kabla ya kupita saa 18, na akingoja 24 ni bora zaidi, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake hutengeneza mapovu anapopanda juu haraka.

Anayetaka kujifunza kuruka mwenyewe huingia katika mafunzo yajulikanayo kwa kifupi kama AFF (Accelerated Freefall), ambayo yalianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya siku nzima ya darasa, mwanafunzi huruka na parachuti yake mwenyewe huku walimu wawili wamemshika ubavuni, na hatua kwa hatua huachiwa. Kwa kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambazo hufuatwa na vituo vingi duniani, leseni ya kwanza, A, huombwa baada ya miruko 25, B baada ya 50, C baada ya 200 na D baada ya 500.

Ningependa mwanafunzi ajue mapema kwamba katika miruko ya mwanzo akili hujaa ikafurika. Katika mruko wangu wa tatu nilitoka vizuri, nikalala kifudifudi juu ya upepo kama nilivyofundishwa, kisha nikaitazama milima ya Hajar upande wa mashariki na nikasahau kabisa kwamba mkononi nilikuwa nimevaa altimita, yaani kipima kimo. Mwalimu aliielekeza kwa kidole mara mbili, nami nikamtabasamia nikidhani ananisalimu, mpaka ikabidi avute mshikio wangu wa kufungulia parachuti yeye mwenyewe. Niliirudia hatua ile wiki iliyofuata. Kurudia hatua si aibu, nami huwa na wasiwasi zaidi na mwanafunzi anayeona haya kurudia kuliko yule anayerudia mara tatu. Kilichonisaidia kilikuwa kulala sakafuni nyumbani usiku, kifua kikiwa juu ya mto, na kuutenda mruko mzima kwa vitendo na kwa sauti: tazama upeo wa macho, tazama altimita, vuta pumzi, tazama tena. Muuguzi anayeandaa sindano husoma jina la dawa mara tatu, hata kama aliisoma jana na juzi, na nilipoanza kuichukulia altimita kwa namna hiyo mambo yalinyooka.

Kuhusu vifaa, mgeni ajue kwamba mkoba anaoubeba una parachuti mbili, kubwa na ya akiba, pamoja na kifaa kidogo kinachopima kasi na kimo. Mjerumani Helmut Cloth alianza kuuza kifaa chake, Cypres, mwaka 1991, na kwa mrukaji wa kawaida hicho hufungua parachuti ya akiba kikihisi kwamba amefika kiasi cha futi 750 na bado anaanguka kwa zaidi ya kilomita 126 kwa saa. Kimeokoa watu wengi. Bill Booth, Mmarekani aliyebuni mfumo wa pete tatu tunaotumia kujitenga na parachuti iliyoharibika, ameeleza kwa miaka mingi kwamba vifaa vinapozidi kuwa salama, warukaji huzidisha hatari wanazozitafuta wenyewe. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Mruko wangu wa 143 ulikuwa wa asubuhi moja ya Februari, na parachuti niliyoivaa niliikunja mwenyewe jioni iliyotangulia, kwa haraka, kwa sababu gari lilikuwa likinisubiri. Nilifungua kwenye futi 4,000. Upande wa kulia kitambaa kilijaa upepo vizuri, lakini kushoto kamba kadhaa zilikuwa zimejifunga fundo, na kitambaa cha upande huo kilikunjamana kama shuka ambalo halijapigwa pasi. Nikaanza kuzunguka. Nilivuta breki zote mbili, yaani kamba za kuongozea parachuti, hadi kiunoni nikaziachia, nikavuta tena, na fundo halikuachia. Tangu nikiwa mwanafunzi nilikuwa nimejiwekea futi 2,500 kama kimo cha kuamua kujitenga na parachuti kubwa, na ingawa leseni yangu ya B iliniruhusu kusubiri chini ya hapo, sikuwahi kukibadilisha. Altimita ilipokaribia hapo niliutazama mshikio mwekundu wa kulia, unaoachilia parachuti kubwa, nikaushika, nikautazama wa chuma wa kushoto, unaofungua ya akiba, nikaushika, nikavuta wa kwanza, nikasikia ukimya wa kuanguka upya, nikavuta wa pili. Parachuti ya akiba ilikuwa nyeupe na mpya kama sanda. Nilitua umbali wa mita 400 kutoka kituoni, kwenye mchanga laini, nikakaa chini hadi mikono ikaacha kutetemeka.

Ni desturi ya warukaji kwamba anayeokolewa na parachuti ya akiba humpelekea zawadi fundi aliyeikunja. Kwingi zawadi hiyo ni chupa ya pombe. Mimi nilimpelekea kilo mbili za halua ya Mombasa alizonibebea binamu yangu, na fundi yule, mtu mpole asiyesema sana, aliifungua kwenye meza yake ya kazi na kumgawia kila aliyepita. Tangu siku hiyo sijaikunja parachuti nikiwa na haraka. Kama muda hautoshi humlipa mkunjaji wa kituo, au siruki.

Jambo ninalotamani kila mgeni alielewe kuliko yote ni kwamba hatari haiishi parachuti inapofunguka. Mwaka 2023 watu 10 walifariki Marekani katika miruko ipatayo milioni 3.65, idadi ndogo mno ukilinganisha na miaka ya 1970, wakati ambapo makumi ya watu walikufa kila mwaka. Lakini mwaka hadi mwaka, sehemu kubwa ya vifo na mivunjiko hutokea chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, karibu na ardhi. Ukivuta breki ya upande mmoja, parachuti huinama na kuchimba chini kabla ya kusimama sawa tena, na kwa kufanya hivyo hula kimo. Ukiwa juu, kimo hicho unacho. Ukiwa futi 100 kutoka ardhini, huna.

Palikuwa na kijana tuliyeruka naye, mwenye kipaji na moyo mwema, ambaye kabla ya kufikisha miruko 100 alikwisha kununua parachuti ndogo yenye mwendo mkali, ilhali alishauriwa kungoja. USPA hupendekeza kwamba mwenye leseni ya A au B asizidishe ratili moja ya uzito wake na vifaa kwa kila futi ya mraba ya kitambaa, na yeye alizidisha mbali. Siku hiyo aliona amekosea upande wa upepo, akageuka akiwa chini mno ili aukabili. Nilisikia kishindo kabla sijaona. Nilimshika mguu kwa mikono yangu miwili mpaka gari la wagonjwa likafika, paja likiwa limevunjika, naye akiniuliza mara kwa mara kama ataweza kuruka mwezi ujao. Mgeni anayenisoma alishike hili: tua ukiwa umenyooka, hata kama upepo unakusukuma mgongoni, hata kama utaanguka na kuviringika, miguu ikiwa pamoja na magoti yamelegea. Kutua vibaya ukiwa umenyooka huchubua magoti. Kugeuka chini huvunja mifupa.

Kuhusu maisha yetu pale kituoni, ni vigumu kumweleza asiyefika. Siku nzima ya kuruka ina dakika chache sana za hewani. Zilizobaki ni za kukaa juu ya zulia kivulini na kukunja vitambaa, kungoja upepo utulie, kula wali wa kwenye mkebe, na kuzungumza na watu ambao vinginevyo nisingewajua: rubani wa Kiingereza, mhasibu Mrusi, dada wa Kifilipino anayefanya kazi dukani, mzee wa Kiimarati anayeruka kila wikendi. Nilipoingia mara ya kwanza na mtandio wangu nilidhani nitatazamwa. Aliyenikaribia alikuwa mwanamke mwenye maelfu ya miruko, ambaye alinionyesha namna ya kuufunga chini ya kofia bila pini, maana pini ikichomoka kwenye upepo ule huwa hatari kwa macho ya mwingine, na baada ya hapo hakulizungumzia tena. Mtu akifanya jambo kwa mara ya kwanza, iwe mruko wa kwanza wa peke yake au leseni, huwanunulia wenzake vinywaji. Kwetu tusiokunywa pombe ni soda na keki, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Katika jamii hii heshima ya idadi ya miruko ipo, lakini mlango wa ndege unapokaribia huwekwa kando. Nakumbuka tukiwa kwenye futi 9,000, mwanafunzi mwenye miruko 11 alimgusa bega mrukaji mmoja mwenye zaidi ya 3,000 na kumwonyesha mkanda wake wa kifua, ambao haukupitishwa vizuri kwenye bizimu. Yule mkongwe aliutazama, akaufungua, akaupitisha upya, akamshukuru mbele ya wote, na jioni akamnunulia chakula. Mwanafunzi akinyamaza kwa kuona haya, mtu huyo huenda angetoka nje ya mkanda wake parachuti ilipofunguka. Kwa hiyo hesabu tatu tatu, kwako na kwa jirani yako: mikanda mitatu, mishikio mitatu, pete tatu kila bega. Ukiona kasoro, sema.

Na upepo, nao ni mwalimu. Kwa mwanafunzi kikomo ni takriban kilomita 22 kwa saa, na kikivukwa anakaa chini, hata kama amesafiri saa tatu kuja. Sisi wa pwani hatupaswi kushangaa, kwani wazee wetu walingoja kusi na kaskazi kwa miezi kabla ya kutweka tanga. Diani kusi linapovuma kwa nguvu, nimekaa siku mbili nzima bila kuruka, na maji yakijaa ufuo wa kutua hupungua pia, kwa hiyo mtu huangalia anga na ratiba ya maji pamoja.

Mara moja nilipanda baada ya zamu ya usiku. Tulipofika futi 9,000 nikajaribu kukumbuka mpangilio wa kutoka tulioufanyia mazoezi dakika 20 zilizopita, na sikuukumbuka. Nikamwambia kiongozi wa kundi kwamba sitaruka. Hakuuliza sababu. Alimwarifu rubani kwamba wakishatoka ateremke polepole na mlango ufungwe, kwa sababu vifaa vya kufungua parachuti ya akiba, hasa vya wanafunzi, vikihisi ndege inashuka kwa kasi vinaweza kuachilia parachuti ndani, kisha wenzangu wakanipungia mkono na kutoka. Nilirudi nimekaa karibu na rubani, nimefunga mkanda, nikiutazama mchanga ukikaribia. Katika miruko yangu yote 612, sina siku ninayoitaja kwa wanafunzi mara nyingi kama hiyo, ambayo haimo hata kwenye hesabu.

Kwa hiyo ukiamua kuja, Jumamosi ya kwanza usilipie chochote. Njoo asubuhi na chupa mbili kubwa za maji na kofia ya jua, ukae karibu na mazulia ya wakunjaji, uombe kuwasaidia kushika kamba, na uwatazame watu wakitua kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Utajua nani anatua amenyooka na nani anageuka chini. Kisha mtafute yule anayetua amenyooka, umuulize alijifunza kwa nani.