Ndiyo, walikufa

Leo Ijumaa, na lile neno nililomwambia mama mkwe Jumanne, mpaka saivi halijanitoka kichwani. Najua wengine mnangoja niandike kuhusu uhamisho wa mume wangu, Baba Neema, ndiyo barua imetoka kweli, ni Singida, anatakiwa aripoti mwezi ujao, na kipaimara cha Happy kilienda vizuri tukala tukashiba, ila usingizi wangu haujaondoka kwa hayo.

Mnakumbuka siku zangu 84 za likizo ya uzazi ziliisha nikarudi kazini, mama mkwe akashuka kutoka Kibosho kuja kukaa na mtoto. Kwakweli yule mama kanilea, mtori kila siku, mtoto anaoga kabla sijaamka. Sasa mimi nakamua maziwa yangu ofisini, kule stoo kwenye mafaili, mlango nauegeshea kiti. Sheria inaniruhusu mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha lakini kutoka mjini mpaka huku Rau na kurudi, na kusubiri daladala ijae, yanaishia njiani, kwahiyo nakamua naweka kwenye friji na kesho yake Neema anakunywa hayo.

Jumanne umeme ukakatika asubuhi. Narudi saa kumi na moja jioni nakuta vichupa vyangu vitatu vimeoshwa vimepangwa kwenye sinia, na Neema kalala kashiba.

"Shikamoo mama. Yale maziwa yako wapi?"

"Marahaba. Nimeyamwaga mwanangu, umeme haukuwepo, yangemdhuru."

"Sasa amekunywa nini?"

"Ya ng'ombe, ya hapo kwa jirani. Nimechemsha nikatia maji nusu kwa nusu, na sukari kijiko. Baba yake si nilimkuza hivyohivyo, amepungukiwa nini?"

Na mimi nikasema, "Mama, zamani watoto walikuwa wanakufa."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ndiyo, walikufa." Akachukua kikombe kwenye sinia akaenda kukiosha, na kikombe chenyewe kilikuwa kisafi.

Basi. Hakununa, hakupandisha sauti, usiku akaniwekea chakula kama kawaida. Lakini nikilala naisikia. Mimi nilisema walikuwa wanakufa, kama habari ya redioni, watoto wa mtu yeyote. Yeye kasema walikufa, kama mtu anayewajua kwa idadi. Nimegeuka upande huu nimegeuka upande ule, walikufa, walikufa, na miaka yote sita niliyoolewa sijawahi kumuuliza alizaa wangapi, namjua Baba Neema na wifi basi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kuhusu maziwa sikukosea. Jumatano nilimpitisha Neema kliniki kabla ya kazi, nesi akanieleza taratibu bila kunigombeza: maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya ya mama, na chumvichumvi nyingi, figo za mtoto mchanga haziwezi kuchuja mzigo ule. Ukitia maji umepunguza hiyo lakini umepunguza na mafuta na vitamini, na madini ya chuma ambayo yalikuwa kidogo tangu mwanzo ndo yanazidi kuwa kidogo, na tumbo lenyewe linaweza kuvuja damu pole pole hata usiione. Siku moja haitamfanya kitu, akasema, ila isiwe mazoea mpaka afikishe mwaka. Wifi yule wa Marekani naye alinipigia, yeye alikuwa na kichanga 2022 maziwa ya unga yalipoadimika kule, watu wakawa wanatumiana mapishi ya bibi zao ya miaka ya 1950, maziwa ya kopo na maji na sharubati ya mahindi, na madaktari wao wa watoto wakakataza kabisa. Mwaka mmoja kabla ya hapo kulikuwa na watoto waliolazwa kwa kupungukiwa kalsiamu kwa kuchanganyiwa nyumbani. Kwahiyo nilikuwa na haki ya kuogopa. Sikuwa na haki ya kusema vile.

Jana alfajiri namkuta jikoni anamenya ndizi. Akaniambia nikae. "Haya nielekeze, maziwa yako yanaharibika baada ya muda gani?" Nikamwambia mezani masaa manne, kwenye friji siku nne, na umeme ukikatika asifungue friji, ubaridi unakaa. Akaniambia nimletee plasta na kalamu, akaanza kuandika saa na siku kwenye kila kichupa, herufi kubwa kubwa kama za daftari la jumuiya.

Halafu bila kunitazama akasema, "Mimi maziwa yalikata nilipougua homa ya matumbo. Maziwa ya kopo yalikuwa ya wenye kahawa nyingi. Bibi yao akaniambia nusu kwa nusu. Nilikuwa nachemsha mpaka utando, naogopa kuharisha tu. Hiyo ya figo hakuna aliyetuambia."

"Mama, nisamehe la juzi."

"Menya ndizi mwanangu, utachelewa kazini."

Kuhusu wale wengine sijauliza. Nilimenya ndizi.

Na jioni nimerudi nimesimama mlangoni bila kubisha, namuona kamkalisha Neema kwenye paja, kile kikombe kidogo kakigusisha kwenye mdomo wa chini, hamimini, anangoja mtoto alambe mwenyewe, maziwa yangu yale, na hakuna tone lililomwagika. Nesi alinielekeza kikombe kwasababu ni rahisi kusafisha kuliko chupa, mimi nimejaribu wiki nzima namwagia mtoto shingoni, yeye anafanya huku anaimba. Nimefurahi mpaka nimelia, nikarudi nje kidogo nikajifuta ndo nikabisha.

Ila Eliud wetu, yule anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro, bado hajarudi. Alipandisha wageni kwa njia ya Machame Alhamisi ya wiki iliyopita, safari ya siku saba, ilitakiwa juzi awe ameshuka, na simu yake mpaka naandika hapa haipatikani. Huku chini mvua inanyesha, sijui juu kukoje.