Shemeji na mapishi ya Kisumu
Jamani shemeji yangu amekuja kutoka Mombasa akidhani Kisumu ni samaki tu. Sawa, tukaanzia hapo hapo, Dunga ufukweni mwa ziwa, ngege (tilapia) kubwa imekaangwa ikatiwa nyanya na kitunguu, osuga (mboga ya mnavu) pembeni na ugali ya brown, akala na mkono mpaka kichwa akanyonya, hakuna stori mezani. Jioni nikampeleka kwa Wahindi pale mjini, si unajua reli ilifika hapa 1901 na baadhi ya Wahindi walioijenga wakabaki wakafungua maduka, na jikoni zao pia zikabaki, asante Mungu. Naan moto na mchuzi wa paneer, ile jibini ya Kihindi, pilipili ilimtoa jasho na bado anaongeza! Kafe mpya nazo ni za kupiga picha, kahawa bei ya Nairobi, mi chai ya kibanda inanitosha. Sasa anataka aliya, ile nyama ya kukaushwa ya Wajaluo, wapi wanaipika fiti?