Nilivyofika Ziwa Michaelson, Mlima Kenya, kwa kuacha kukimbilia kilele

Nimezaliwa na kukulia Likoni. Mwinuko niliouzoea ni ule wa kupandia kutoka feri, na baridi niliyoijua ni ya kusi mwezi wa saba. Kwa hivyo naandika kwa ajili ya mtu wa pwani, au wa kokote kulikotambarare, anayetamani kutembea kwenye maziwa ya Mlima Kenya na anaogopa mwili wake hautakubali. Wangu ulikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ulikubali.

Mara ya kwanza nilipanda kwa njia ya Sirimon, na kampuni iliyotuuzia safari ya haraka. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300 hivi. Usiku wa pili tukawa kambi ya Shipton, mita 4,200. Saa nne usiku kichwa kilikuwa kinapasuka, na chai niliyokunywa ikarudi yote. Kiongozi wetu akawa ananiambia, "Jikaze." Nikajikaza hadi nikashindwa kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Wapagazi wawili ndio walionishika mikono wakaniteremsha gizani, na kadiri tulivyoshuka ndivyo kichwa kilivyopoa.

Neno hilo "jikaze" liliniuma muda mrefu, maana nilidhani kosa lilikuwa uvivu wangu. Sivyo. Kwenye mita 4,000 msukumo wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa ufukweni, na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Wanaojua mambo haya husema ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sisi tulipandisha 900.

Nilipoanza kupanga tena, niliuliza swali tofauti. Nilitaka nini kule juu hasa? Sikuwa na hamu ya kusimama kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, saa kumi na mbili asubuhi huku natetemeka. Kilichoninyima usingizi ni picha ya ziwa jeusi lililokaa chini ya ukuta wa mwamba. Hilo ni Ziwa Michaelson, kwenye Bonde la Gorges, upande wa Chogoria. Basi nikalifanya lenyewe ndio mwisho wa safari, na hesabu yote ikakaa sawa: usiku mmoja kwenye mabanda karibu na lango la Chogoria, mita 2,950 hivi, usiku mbili Ziwa Ellis, karibu mita 3,500, kisha usiku mmoja Michaelson, chini kidogo ya mita 4,000.

Nilikwenda mwezi wa pili, wakati wa kiangazi. Barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi langoni inapita msituni, kisha kwenye mianzi, na mvua ikinyesha hata Land Cruiser inakwama. Malipo ya hifadhi yanafanywa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, si kwa pesa mkononi, kwa hiyo maliza ukiwa bado mjini penye mtandao. Na huruhusiwi kuingia peke yako. Nilichukua kiongozi mmoja, mzee wa Chogoria aliyetembea mlima huu tangu ujana, pamoja na mpishi na wapagazi wawili. Nilipomwamkia shikamoo alicheka kwa furaha, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mama, una siku ngapi?" Nikamwambia tano. Akasema, "Basi tutafika."

Mwendo wake ulikuwa wa ajabu. Aliweka mguu, akangoja, akaweka mwingine. Nilipotaka kumpita alisimama tu katikati ya njia bila kusema neno. Kipimo chake kilikuwa mazungumzo: kama siwezi kumaliza sentensi bila kukatika pumzi, tunaenda mbio. Siku ya kwanza alinihoji habari za samaki wa pwani karibu saa nzima, na baadaye sana nikaelewa alikuwa ananipima.

Ziwa Ellis limekaa wazi kwenye mbuga ya juu, nyuma ya kilima cha Mugi, na nyasi za vishungi zimelizunguka. Siku ya mapumziko nililizunguka. Kwa macho ni matembezi madogo, lakini kando yake ni tope lililofichwa na nyasi. Unakanyaga kishungi kinachoonekana imara, kinainama, na mguu unazama hadi kwenye kifundo. Jifunze kukanyaga katikati ya kishungi, si ukingoni, na shika fimbo mbili. Nilivaa gambuti siku hiyo badala ya viatu vya mlima, na huo ndio ushauri bora niliopewa na mpishi.

Mpishi huyohuyo alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: huko juu maharagwe hayaivi. Kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 87 hivi, kwa hiyo unaweza kuchochea moto mchana kutwa na punje zikabaki ngumu. Alikuja na ndengu alizozichemsha kabisa nyumbani kwake, akazipasha moto tu na chapati. Siku zote tano sikukosa hamu ya kula hata mara moja, na mara ile ya Sirimon sikuweza kumeza hata biskuti.

Kutoka Ellis tulipanda mgongo wa mlima kisha tukateremka ndani ya bonde. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Bonde lote lilichimbwa na barafu zamani, na kuta zake zimesimama pande zote mbili. Mto Nithi unashuka kwa ngazi, na maporomoko ya Vivienne yanasikika kabla hujayaona. Senesio, mimea mirefu ya huko juu, zimesimama kama watu waliojifunika blanketi, kwa sababu majani yao makavu hayaanguki. Yanabaki yamelizunguka shina kulikinga na baridi. Nililishika moja. Nje lilikuwa na umande ulioganda, lakini kidole kilipoingia chini ya yale majani kulikuwa kukavu.

Tulifika Michaelson saa nane mchana. Wale wapagazi walikuwa wameshasimamisha mahema. Upande wa juu wa ziwa linapanda genge la mita 300 hivi wanaloliita Temple, wima kabisa, na kivuli chake kinaanza kulifunika ziwa mapema alasiri. Maji ni meusi, ukiyachota kwenye kikombe ni meupe kabisa. Nilikaa juu ya jiwe, nikajipima: kichwa kizito kidogo, tumbo shwari, pumzi fupi. Hivyo tu. Nililia, na mzee akaniacha nilie.

Usiku maji yaliganda ndani ya ndoo. Kilichoniokoa ni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa soksi na kuwekwa miguuni ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na nguo kavu za kulalia tu ambazo sikuzivaa mchana kamwe. Mtu wa pwani, usilale na fulana uliyotokea nayo jasho. Jasho hilo ndilo litakalokuamsha saa nane usiku.

Asubuhi tulitembea kando ya ziwa hadi pale mawe yaliyoporomoka kutoka gengeni yanapofunga njia. Mzee akaniita kwenye lobelia, mmea mwingine wa huko juu, iliyokuwa imefumba majani. Katikati ya majani yake kulikuwa na maji, na juu yake kipande cha barafu kama kioo cha saa. "Vunja," akaniambia. Nikakivunja kwa ukucha. Chini yake maji yalikuwa bado maji, ya utelezi kidogo kama ya bamia. Yale maji ndiyo yanayolilinda chipukizi: barafu inakaa juu, moyo wa mmea haugandi. Ndege aitwaye chozi, mwenye manyoya ya kijani, akatua kwenye lobelia nyingine iliyochanua, hatua tano kutoka kwetu, akaendelea na kazi yake kama hatupo.

Njia ya kutokea ilikuwa ngumu kuliko ya kuingilia, kupanda moja kwa moja hadi kambi ya Mintos kwenye mita 4,200 na ushei. Nilihesabu hatua ishirini, nikasimama, nikahesabu tena. Kulikuwa na kundi la vijana pale wakijiandaa kwa kilele, wakanialika niungane nao usiku. Nikawashukuru. Nikaenda na mzee hadi ukingo wa Temple, tukalala kifudifudi kwa usalama, tukachungulia. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na kwenye nyasi niliona mabaka manne mepesi mahali tulipokuwa tumelaza mahema.

Tulirudi kwa njia ya mgongoni, tukateremka siku hiyohiyo. Kesho yake matatu yangu ya Nairobi ilipokaribia daraja la Nithi abiria walinyamaza, kama wanavyonyamaza siku zote kwenye mteremko ule uliomaliza watu wengi kwa ajali. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Nami nikaitikia amina, kisha nikageuka dirishani kuutazama mto. Siku mbili nyuma nilikuwa nimeosha uso kwa maji yake, pale yanapotoka ziwani, mahali unapoweza kuuvuka kwa kuruka mawe matatu.