Mtoto wa Mgongoni Hana Tiketi

Leo mchana nimevuka kutoka kisiwani kurudi Mwanza kwa boti ya injini, na mpaka sasa, saa tatu usiku, bado nawahesabu watu tuliosafiri nao. Ubavuni mwa boti paliandikwa kwa rangi nyeupe: ABIRIA 25. Nilipofika 29 nilimwuliza kijana wa tiketi kama hatujazidi. Akanijibu kwa upole, "Mama, umehesabu na watoto. Mtoto wa mgongoni hana tiketi."

Karibu yangu palikuwa na jaketi okozi lililolaliwa na gunia la dagaa. Nililichomoa, nikakuta mkanda wake umekatika na kuungwa kwa uzi wa nyavu, na sponji ya ndani imemeguka vipande vipande. Lilikuwa la mtu mzima. La mtoto sikuliona hata moja. Mbele yangu alikaa mama aliyembeba mtoto kwa kitenge, fundo kalikaza kifuani, nami nikawa nawaza fundo lile lingefunguliwaje likishalowa maji.

Sisi wa Mwanza tuna makaburi ya Igoma, walikolala baadhi ya waliokufa katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilitengenezwa kuchukua abiria 430. Madaraja ya juu yalikuwa na orodha ya wasafiri, lakini daraja la tatu, walikopanda wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha, na ndiyo maana idadi ya waliokufa inatajwa tofauti hadi leo: wapo wanaosema mia nane na ushee, wapo wanaofika elfu moja. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba mtu ambaye hakuhesabiwa alipopanda hakuweza kuhesabiwa hata alipozama.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora ambako watu walikuwa wametoka gulioni. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41, jumlisha mwenyewe.

Msibani husemwa kwamba ni kazi ya Mungu, nami simkatazi mfiwa kujifariji. Ila abiria wa 102 alipokelewa na mtu mwenye macho, akakatiwa nafasi, mizigo yake ikapangwa juu ya mizigo ya wenzake. Pale mlangoni angehitajika mtu mmoja tu wa kuhesabu vichwa badala ya tiketi, mwenye mamlaka ya kuizuia boti isiondoke, na asiyelipwa na mwenye boti.

Tulifika salama. Nilisimama gatini nikawahesabu tena walipokuwa wakishuka: 34, pamoja na yule wa mgongoni, ambaye alikuwa amelala.