Mahamri na mbaazi za nazi, Leicester

Kopo moja la tui la nazi hapa Uingereza kwa kawaida ni mililita 400. Lile ninalolinunua mimi limeandikwa gramu 15 za mafuta yanayoganda kwa kila mililita 100, kwa hiyo kopo zima ni gramu 60. Mwongozo wa afya wa hapa unasema mwanamke asizidishe gramu 20 kwa siku, mwanamume 30. Sasa fikiria sufuria ya mbaazi ya watu wanne iliyomiminiwa makopo mawili. Ni gramu 30 kwa kila mmoja, na hamri bado halijaguswa.

Hesabu hii sikuitafuta, ililetwa na majibu ya damu. Huku England, mtu wa miaka 40 hadi 74 ambaye hana ugonjwa wa moyo wala kisukari huitwa kila baada ya miaka 5 kupimwa presha, uzito na mafuta ya damu. Yangu yalikuwa juu. Muuguzi akaniuliza ninakula nini, nikamtajia kila kitu, na nilipofika kwenye kiamshakinywa cha Jumapili akaacha kuandika, akaniomba nimweleze vizuri. Hakunikataza. Aliniuliza tu kama kuna namna ya kupunguza.

Kuacha sikutaka, na sitaki. Desemba huku jua linachomoza saa mbili na kitu asubuhi, ukiamka ni giza, dirisha limejaa ukungu, na wiki nzima umeishi kwa mkate wa dukani na chai ya haraharaka. Harufu ya hiliki ikianza kupanda ngazi, watoto wanashuka wenyewe bila kuitwa. Wamezaliwa hapa, Kiswahili chao cha kubahatisha, lakini mbaazi wanazijua. Chakula kama hicho hukiondoi mezani kwa sababu ya karatasi ya maabara. Unakaa nacho chini ukitafute kilipozidi.

Na hapo ndipo nilipoanza kufikiria tui lilivyopatikana kwetu Mombasa. Nazi inafuliwa, inavunjwa, mtu anakaa juu ya mbuzi na kuikuna. Inatiwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza ndilo kasimile, zito, linawekwa kando na kufunikwa. Machicha yanarudishiwa maji, yanakamuliwa tena, na mara nyingine tena. Mbaazi zilipikiwa lile la pili na la tatu, jepesi la kuchuruzika. Kasimile iliingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa. Nazi moja, nyumba ya watu wanane.

Kwa maneno mengine, upishi wa nyumbani ulikuwa mwepesi kuliko huu wangu wa Leicester. Kopo limefuta hatua zote. Ndani yake mna tui la namna moja, zito tangu mwanzo, na kulifungua ni kuvuta kipete tu. Anayekuna nazi kwa mkono hamimini ovyo, mkono wenyewe unamwambia basi.

Nilipompigia mamangu kumweleza, alisema, "Mwanangu, mbona hilo si jipya? Nyanyako mwezi ukiwa mgumu alikuwa akiikamua nazi hata maji yatoke meupe kidogo tu, na kasimile anatia upawa mmoja. Na tulikuwa tukigombania ukoko."

Mimi niko mji wenye bahati. Leicester imejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki: wa Kenya walioondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huohuo baraza la mji huu lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja, na leo karibu na Belgrave Road ndipo ninapopata mbaazi kavu nzima, hiliki ya kijani isiyochoka, na nazi iliyokunwa ikagandishwa. Mwenye duka langu ni mzaliwa wa Kisumu. Ninamwamkia, "Shikamoo mzee," naye anaitikia, "Marahaba mama, leo nazi ngapi?" Ukiwa mji usio na maduka ya Kihindi, nenda kwa Wakaribi, mbaazi za kopo utazikuta zimeandikwa gungo peas. Si tamu kama kavu, lakini ni mbaazi.

Hiyo nazi ya kugandishwa ndiyo iliyonirudishia tui la kwanza na la pili. Naiacha iyeyuke, naitia maji ya moto kikombe kimoja, naisaga kidogo kwenye blenda, naikamua kwa kitambaa cha pamba. Vijiko vinne vya chakula vya tui hilo naviweka kando. Linalobaki nalimimina kwenye vile vijitrei vya barafu, naligandisha kwa wiki zijazo. Machicha nayatia vikombe viwili vya maji, nakamua tena, na hilo ndilo la kupikia. Halikosi mafuta kabisa, lakini ukiliangalia kwenye mwanga utaona tofauti.

Huna nazi ila kopo? Liweke kwenye friji usiku kucha bila kulitikisa. Asubuhi utakuta zito limepanda juu. Chota vijiko vinne, hivyo ndivyo kasimile yako. Kijiko kimoja kingine kikoroge na maji vikombe viwili kwa kupikia, kilichobaki kigandishe. Yale makopo yaliyoandikwa kwamba ni mepesi mimi siyapendi. Soma asilimia ya nazi: mengi ni tui lilelile lililoongezwa maji na kitu cha kulizuia lisitengane, na unalipia maji. Zaidi ya hayo, halina sehemu nzito ya kutia mwisho, na utamu wa mbaazi uko pale mwisho. Kasimile iliyochemka nusu saa imepoteza harufu yake, iliyoingia dakika mbili kabla ya kuepua inajaza mdomo mzima, hata ikiwa kidogo.

Mbaazi zenyewe hazina kosa lolote. Zikiwa kavu zina protini karibu gramu 21 katika kila gramu 100, na nyuzinyuzi tele, kitu kilekile alichonisihi muuguzi nile kwa wingi. Naziloweka usiku, nazichemsha kwenye presha kuka hadi ziminyike kwa vidole, namwaga maji. Kisha, na hili ndilo lililobeba kazi yote, nachota pawa mbili za mbaazi nazisaga kwa mwiko hadi ziwe uji, nazirudisha sufuriani. Uzito uliokuwa ukitafutwa kwa kopo la pili unatoka kwa mbaazi zenyewe. Kitunguu kimoja kilichokatwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, manjano kidogo, chumvi, tui la pili. Moto mdogo, bila kufunika, koroga taratibu tui lisikatike. Rojo ikishikana, kasimile, zungusha mara mbili tatu, epua.

Mahamri yalinisumbua zaidi, kwa sababu hamri ni kitu cha mafuta na hakuna wa kunishawishi vinginevyo. Nalipenda lifure, libaki wazi ndani, ulipasue uchote mbaazi nalo. Kile kikaango cha hewa moto kilichoingia kila nyumba siku hizi kinalikausha ngozi kabla halijafura. Oveni ni bora, ila lazima iwe na hasira: nyuzi 240, na trei iwemo ndani ikiwaka tangu mapema. Unga vikombe vitatu, sukari vijiko viwili vya chakula badala ya nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, chumvi chembe, hiliki iliyotwangwa saa hiyohiyo kijiko cha chai kilichojaa. Hiliki msiionee huruma, maana ndiyo inayofunika pengo la sukari. Kanda kwa tui la pili la vuguvugu mpaka unga uwe laini, uache uumuke, gawa madonge manne, sukuma yawe na unene wa nusu sentimita, kata kila moja vipande vinne. Viache vipumzike dakika 20, kisha vitupe juu ya trei ya moto. Havichukui dakika saba. Vikitoka, vipake tui kidogo kwa brashi na uvifunike kwa kitambaa vilainike.

Mengi hufura. Ukingo hauna ule ukaukaji mtamu wa mafutani, na mamangu nilipomtumia picha alisema, "Hiyo ni mikate ya hiliki, mwanangu, lakini mizuri." Ninakubaliana naye. Mume wangu anaila mitatu, watoto hawasemi neno, na kwa Jumapili ya kawaida inatosha.

Siku ya Idi nakaanga. Mafuta yawe ya moto sawasawa, kama nyuzi 180. Ukichovya mwiko mkavu wa mti, vipovu vizunguke mti mara moja. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu unga unayanywa, na hamri linakuwa zito mkononi. Tia machache kwa wakati, yamwagie mafuta juu kwa kijiko yafure, geuza, toa, yapange yakisimama kwenye chujio ili yachuruzike. Mbaazi za Idi nazipika vilevile kama za Jumapili, kwa vijiko vinne vya kasimile. Wageni wakiwa wengi, naongeza mbaazi za kusaga, si tui.