Sabato ya Sara

Jana usiku mwanangu alikuwa sebuleni na simu yake, anamfuatiza msomaji wa Misri aya kwa aya. Mashindano yao ya Kurani yamekaribia. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele. Msomaji akapanda, akashuka, akafika pale pa kuruka. Mtoto akaruka naye, akatua pembeni kidogo.

“Baba, mbona hapa anasoma kama analia?”

“Hiyo Hijazi,” nikamwambia, nikitaja mojawapo ya maqamu, zile njia za kupanga sauti za kisomo au wimbo. “Rudia. Usikimbilie.”

“Nani kakufundisha?”

“Babu yako.”

Nikarudi kwenye mchele, lakini usiku usingizi haukuja. Jibu nililompa lilikuwa nusu. Nusu ya pili iko Brooklyn, New York, Novemba 2008, kwa yule mzee wa Halab.

Kazi yangu ya miaka ile ilikuwa kulea wazee majumbani, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasukuma kwenye kiti cha magurudumu. Yule alikaa karibu na barabara ya Ocean Parkway. Alizaliwa Halab, mji wa Syria ambao ramani nyingi huuita Aleppo, akatolewa huko mtoto, baada ya sinagogi kubwa la mji kuchomwa moto mwaka 1947. Tulisemezana Kiarabu, mimi changu cha chuoni, yeye chake cha sokoni. Nilimwita ammi, naye aliniita ibni, yaani mwanangu.

Kilichotuunganisha ni muziki. Siku ya kwanza nilipoingia, redio yake ilikuwa inamwimbisha Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, nami bila kufikiri nikasema, “Hii maqamu ya Rasti.” Mzee akageuza shingo polepole akanitazama. Akauliza nimejulia wapi. Nikamwambia babaangu anapiga fidla, na kwetu Unguja nyimbo za Misri zilitiwa maneno ya Kiswahili tangu zama za mabibi zetu. Akanyosha mkono kwenye rafu, akataka kitabu fulani kinene kilicholegea mgongo.

Ndipo nilipojua kwamba Wayahudi wa Halab walifanya vilevile. Walichukua tuni za Waarabu waliokuwa jirani zao, baadaye za mwanamuziki wa Misri Abd al-Wahhab na za Umm Kulthum, wakazitungia maneno ya Kiebrania ya kumsifu Mungu. Nyimbo hizo wanaziita pizmonim. Alinitajia mashekhe wake kama sisi tunavyotaja silsila ya walimu: Raphael Antebi Tabbush, aliyefariki mwaka 1919, kisha mwanafunzi wake Moses Ashear, aliyeileta elimu hiyo New York akafariki mwaka 1940. Alipofungua kitabu aliteremsha kidole ukingoni mwa ukurasa, ubeti kwa ubeti, akigusa herufi ya kwanza tu ya kila ubeti. Ukiziunga herufi hizo unapata jina la mtunzi. Kwenye nyimbo za harusi na za watoto wa kiume wanaofikia utu uzima, hufichwa humo majina ya wenye shughuli. Alipofika kwenye wimbo mmoja kidole kilisimama. Ulitungwa kwa ajili ya harusi yake. Jina la babaake lilikuwa ndani, limelala katikati ya mstari wa sala, na asiyejua angepita juu yake asilione.

Na kila Sabato ina maqamu yake. Hili ndilo lililonishangaza zaidi kuliko yote. Torati wameigawa mafungu ya wiki, na kila fungu lina sauti yake. Mwanzo wa kuumbwa ulimwengu husaliwa kwa Rasti. Ibrahimu anapoamrishwa kutahiri, wanasali kwa maqamu iitwayo Saba. Pale wana wa Israeli wanapovuka bahari na kuimba, ni Ajam, maqamu ya furaha. Mzee alikuwa na orodha nzima kichwani. Siku ya Jumatano huanza kuivumisha maqamu ya wiki, ili Jumamosi ikifika koo liwe limeshaizoea.

Wiki ile alivuma Hijazi.

Kakaangu alinipigia Alhamisi, saa tisa za usiku kwangu, kwao mchana. Alisema tu, “Bimkubwa katutoka.” Alizikwa makaburini Mwanakwerekwe baada ya alasiri, saa ambayo mimi nilikuwa nampaka mzee siagi kwenye mkate. Makaratasi yangu yalikuwa bado. Ningetoka Marekani nisingerudi, na watoto wa marehemu dadaangu walikuwa wanasoma kwa mshahara ule. Sikwenda. Ni maneno mawili, na bado sijui kuyasema vizuri.

Mzee aliniona usoni kabla sijafungua kinywa. Nikamweleza. Akasema, “Allah yirhamha,” akanyamaza muda mrefu, vidole vyake vikigonga mkono wa kiti. Kisha akasema, “Sabato hii ni ya Sara. Utanipeleka, na utaingia ndani.”

Kwa kawaida nilimfikisha mlangoni, mjukuu wake akampokea. Safari hii alimwambia mjukuu, “Yeye atakaa nami.”

Ijumaa mchana alinifasiria sala watakayoianzia. Jina lake Nishmat, maana yake pumzi, kwa sababu inaanza kwa kusema kwamba pumzi ya kila kilicho hai italibariki jina la Mungu. Akanisomea kwa Kiarabu, polepole, kama anayehesabu sarafu: lau vinywa vyetu vingejaa nyimbo kama bahari, na ndimi zetu shangwe kama wingi wa mawimbi yake, na midomo yetu sifa kama upana wa mbingu, na macho yetu yangeng'ara kama jua na mwezi, na mikono yetu ingekunjuliwa kama ya tai wa angani, na miguu yetu ingekuwa myepesi kama ya paa, bado tusingeweza kukushukuru ipasavyo.

Asubuhi ileile nilikuwa nimemsomea mama Suratul Kahf. Ndani yake kuna aya inayosema lau bahari ingekuwa wino wa kuandikia maneno ya Mola wangu, bahari ingekwisha kabla maneno hayajakwisha. Nilimsomea mzee aya hiyo. Alifumba macho. Hakusema kitu, nami sikuongeza.

Jumamosi ilikuwa baridi ya kukata masikio. Nilivaa kofia yangu ya viua, ile aliyonidarizia mama mwenyewe, kwa kuwa nilijua humo wanaume hufunika vichwa. Nilikisukuma kiti hadi mwisho wa safu na kukaa kwenye benchi pembeni yake. Mzee mmoja wa mbele aligeuka, akaitazama kofia, akatazama uso wangu, akaitika kwa kichwa akarudi kwenye kitabu chake.

Hapakuwa na ala hata moja, Sabato hawapigi. Palikuwa na harufu ya makoti yenye unyevu na ya karatasi kuukuu. Watoto walikuwa wanapitapita. Hazan, yule anayewaongoza, alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, hana lolote la kukufanya umtazame mara mbili. Akaanza Nishmat.

Babaangu alikuwa akituambia kwamba Hijazi ina mtaro. Unatoka sauti ya kwanza, unapanda ya pili karibu sana, nusu hatua tu, kisha kati ya ya pili na ya tatu kuna pengo. Ukiruka kwa pupa unaanguka ndani. Msomaji mzuri husimama ukingoni kwanza, akaonyesha kwamba ameuona mtaro, ndipo akavuka. Nilikuwa na miaka tisa, kanikalisha barazani, fidla iko begani kwake, na upinde unasimama pale ukingoni unatetemeka. Mama alikuwa ndani anapeta mchele, na kila upinde uliposimama, ungo nao ulisimama. Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya ungo.

Hazan alifika ukingoni akasimama.

Alisimama pale kwa pumzi nzima. Sauti yake haikutetemeka, ilikaa tu, mle ndani ya ile sauti ya pili, nyembamba na kavu. Watu wote walikuwa kimya, hata wale watoto. Nikamsikia mzee pembeni yangu anavuta hewa puani. Nikasikia ungo umesimama. Kisha yule mtu akavuka, na jamaa nzima ikavuka naye kwa sauti moja, wanaume kwa vijana, na nilipojigusa uso ulikuwa umelowa mpaka kidevuni. Mzee hakunitazama. Aliuweka mkono wake juu ya wangu, mkavu, mwepesi kama jani la mkungu, akauacha hapo mpaka bahari na mawimbi na tai na paa wakapita wote.

Mengine yalikwenda haraka. Walitoa Torati kwenye sanduku lake, wakasoma. Nilijua kisa kinachosomwa: Bi Sara kafariki akiwa na miaka 127, Nabii Ibrahimu ananunua pango la kumzikia, kule mji unaoitwa Al-Khalil, kwa shekeli 400 za fedha, mgeni kwenye nchi ya watu akiomba kipande cha ardhi cha kulaza maiti wake. Mzee akanivuta begani akanionyesha neno moja katika kitabu. Aya inasema Ibrahimu alikuja kumwombolezea Sara na kumlilia, na katika neno hilo la kulia kuna herufi moja iliyoandikwa ndogo kuliko wenzake. Imeandikwa hivyo katika kila Torati, akasema, na mwandishi haruhusiwi kuikuza.

“Kwa nini?” nikamwuliza.

“Wapo wasemao alilia kidogo tu. Wapo wasemao alilia sana, lakini kwa siri.”

“Na wewe ammi unasemaje?”

Alikifunga kitabu, akaniambia nimrudishe nyumbani, baridi imemwingia miguuni.

Mzee alifariki miaka miwili baadaye. Mimi nilipata makaratasi, nikarudi Unguja, nikaenda Mwanakwerekwe na kakaangu tukapalilia. Baba aliniuliza mara moja, barazani, fidla imeshatundikwa, “Huko mama'ako alisomewa hitima na nani?” Nikamwambia watu walikuwepo. Akasema alhamdulillahi. Baba mwenyewe ameshafariki, sikuwahi kumwambia ni watu gani, na hadi leo sijui kama nilimnyima kitu au nilimwondolea mzigo. Wala sijui kama kile nilichokisikia ndani ya sauti ya yule hazan kilikuwa changu kukichukua, maana maneno yake yalikuwa ya watu wengine, na msiba wangu haukuwa wao walioukusudia.

Leo alasiri mtoto amerudi kutoka chuo, kakaa palepale sebuleni, kawasha simu. Nimekwenda kukaa naye. Amefika pale ukingoni, nikamshika mkono.

“Simama hapo kwanza,” nimemwambia. “Nitakusimulia habari ya mzee mmoja.”