Viatu vya Mama

Leo alfajiri tumemsindikiza mdogo wangu anayekwenda kazini Doha, kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao ulibadilishwa jina mwaka 1978 lakini Mama bado anauita Embakasi.

Kwenye lango la ukaguzi abiria hushuka garini na kupita kwa miguu, huku dereva akipita na gari upande wake. Mama, ambaye wala hakuwa anasafiri, alivua viatu bila kuambiwa, akavishika mkononi, akauliza kama hapo ndipo anapomwachia mwanawe.

"Bado, mama, ni mbele kidogo," askari akamjibu kwa upole.

Viatu vimebaki kwenye kiti cha nyuma; amerudi nyumbani pekupeku.

Nanyi, ndugu zangu, wenu mliwaagaje?